Tuliwapelekea Sabuni, Hatukuwauliza Kitu



Katika mkutano uliopita mama mmoja alileta swali ambalo limenifuata mpaka nyumbani. Wanafunzi wa chuo kimoja cha afya wamekuja kwake. Wanaomba chama chetu kiwapeleke kwa wamama wanaolala sokoni, wapate kufanya nao mradi wa masomo yao. Akauliza: tuwakubalie ao tuwakatalie? Wengine walisema tuwakubalie mara moja, kwani msaada haukataliwi. Wengine walisema hao wanatafuta diploma tu, wakishaipata hawaonekani tena. Mimi nilinyamaza. Mwenyekiti aliniangalia, maana hajazoea kuniona nimenyamaza. Jibu langu lilikuwa refu, tena lina aibu ndani yake. Sikuweza kulisema kwa dakika mbili mbele ya chai. Leo nimeliandika.

Siku ya picha

Wengi mnanijua. Ninafundisha darasa la sita la msingi hapa Bukavu, nina diploma ya ISP, na watoto wa wengi wenu wamepita mikononi mwangu. Tangu masomo ya msingi yafanywe ya bure mwaka 2019, benchi la watoto watatu linakaliwa na watano, lakini somo la uraia na maadili sijaliacha. Miaka mitatu iliyopita nilitaka watoto wajifunze huruma kwa vitendo. Nikamwambia kila mmoja alete kitu kidogo kutoka nyumbani: kipande cha sabuni, nguo iliyombana, kikombe cha unga. Siku ya posho asubuhi tukaenda sokoni. Soko lipi, sitasema, na sababu mtaiona mbele.

Tulipofika niliwapanga mstari watoto wale tunaowaita maibobo, pamoja na wamama wachache waliokuwa wamelala kwenye barza ya depo. Niliwapanga kama ninavyopanga wanafunzi wakati wa bendera. Watoto wangu wakapita wakigawa. Mimi nikatoa simu, nikapiga picha. Kulikuwa na binti mmoja aliyeshika sabuni yake chini, karibu na paja. Nikamwambia: "Inua juu, binti. Cheka kidogo." Akainua. Akacheka kidogo.

Jioni niliituma picha ile katika kikundi cha WhatsApp cha wazazi. Nilipata pongezi mpaka usiku. Mkurugenzi akaichapisha na kuibandika kwenye ukuta wa ofisi. Nami nikalala vizuri.

Baada ya majuma matatu, mama mmoja anayeuza makala pale sokoni alinifuata shuleni wakati wa mapumziko. Hakukubali kukaa. Alisema: "Mwalimu, picha yako imefukuza mtoto."

Binti yule alikuwa na miaka 14. Baada ya mama yake kufariki, watu wa kwao walimwita mchawi, wakampeleka kwenye chumba cha maombi, wakamnyima chakula siku tatu. Akatoroka. Pale sokoni alikuwa amejificha karibu mwaka mzima. Mchana alichota maji, usiku alilinda mizigo ya wachuuzi, na mama wa makala alimpa chakula cha jioni. Picha yangu ilipita simu kwa simu mpaka ikamfikia baba yake mdogo. Akaja alfajiri na wanaume wawili. Binti akaruka ukuta wa nyuma, na tangu hapo hakuna aliyejua aliko.

Sikuwa na neno. Nilifuta picha. Nilimwomba mkurugenzi atoe ile ya ukutani, akaitoa. Niliwaandikia wazazi wote waifute. Wengi waliifuta, mmoja akaniuliza kwa nini ninaonea haya jambo jema. Lakini maji ya Ruzizi yakishatoka ziwani hayapandi tena kurudi. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba sheria niliijua. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto ninaifundisha mimi mwenyewe. Inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na kifungu chake cha 160 kinampa kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu, pamoja na faini, mtu anayemshitaki mtoto uchawi. Baba mdogo ndiye aliyekuwa nje ya sheria. Mimi nilimwazima macho.

Mdogo wangu na daftari lake

Mwaka jana mdogo wangu wa kike alirudi kwa likizo. Anasomea egoterapia katika nchi jirani. Nyumbani tulikuwa tumechoka kuuliza hicho ni kitu gani. Si munganga, si muuguzi, wala si mtu wa kinezi. Siku moja alimweleza mama yetu hivi: mtu akipooza mkono, wa kinezi anautafutia mkono nguvu. Wa egoterapia anauliza mkono ule ulikuwa unafanya nini kabla ya ugonjwa. Kama ulikuwa unasonga bugali, basi watatafuta pamoja namna ya kusonga bugali tena, hata kwa kukaa, hata kwa kushikiza sufuria isizunguke. Mama akasema: "Kumbe ni tiba ya kumrudishia mtu kazi za siku yake." Sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo.

Kazi hii si ya jana. Shirika lake la kwanza lilianzishwa Marekani mwaka 1917, wakati wa vita kuu ya kwanza, na vita vile viliacha askari wengi waliohitaji kujifunza upya kuvaa, kula na kushika vyombo vya kazi. Shirika lao la dunia lipo tangu 1952, na kanuni zake zinadai kwamba mwanafunzi afanye angalau saa 1,000 za mazoezi kabla ya kumaliza masomo. Hapo ndipo swali la mkutano wetu linapozaliwa. Saa hizo 1,000 anazifanya na nani? Hospitalini kuna wagonjwa. Lakini vyuo vya nchi mbalimbali vinawatuma wanafunzi pia kwa watu wasio na nyumba, kwa sababu asiye na nyumba amepoteza zaidi ya paa. Amepoteza mahali pa kuoga na pa kupikia, msumari wa kutundika kikwembe, saa ya kulala na saa ya kuamka. Siku yake imekatika vipande.

Mdogo wangu alikuwa na siku 20 za kufanya mradi kama huo. Akaniambia: "Yaya, wewe unajulikana sokoni. Nipeleke." Ndipo nikamsimulia habari ya picha, yote, tangu mstari mpaka ukuta wa nyuma. Nilidhani atanifariji. Yeye alitoa daftari akaanza kuandika.

"Unaandika nini?"

"Mambo ambayo sitafanya."

Siku 20

Juma la kwanza alikaa tu karibu na mama wa makala. Alisalimia, alisaidia kupanga mafungu ya makala, jioni akarudi nyumbani na mikono myeusi. Mimi niliona anapoteza wakati. Nikamwambia: "Una siku 20, umeshakula tano." Akajibu: "Wao wamekuwa huko miaka. Hawajanijua bado, nitawaulizaje habari zao?"

Siku ya sita aliwaomba wamama kumi na mmoja wanaolala kwenye barza wamsikilize. Watoto hakuwaita. Chuo chake kilikuwa kimemruhusu kufanya kazi na watu wazima tu, na mwalimu aliyemsimamia alimpigia simu kila juma kumuuliza alichofanya na alichokosea. Nilikuwepo siku ile, na maneno yake ninayakumbuka:

"Mimi ni mwanafunzi. Nimekuja kujifunza kwenu. Mwisho wake mimi nitapata alama shuleni. Ninyi labda mtapata kitu kidogo, labda hamtapata kitu. Sina pesa za kugawa. Sitapiga picha, na majina yenu hayataandikwa. Nitakuwa hapa mpaka siku ya 20, kisha nitaondoka. Anayetaka kukataa akatae leo, ao kesho, ao katikati ya mazungumzo, na hatapoteza kitu."

Moyo wangu ulishuka. Nikafikiri, huyu mtoto anawafukuza watu kwa mdomo wake. Palikuwa kimya. Kisha mjane mmoja, mtu wa miaka hamsini hivi, akacheka mpaka akafuta macho. Akasema: "Hii ni mara ya kwanza mtu wa karatasi anatuambia yeye atapata nini."

Wanane walikubali, watatu wakakataa. Wale watatu waliendelea kupewa salamu ileile na kukaa palepale, na hakuna aliyewauliza sababu.

Kumbe mdogo wangu alitoka shuleni na mpango tayari: kuwafundisha kutengeneza shanga na sabuni. Aliuweka chini. Badala yake alimwomba kila mama amsimulie siku ya jana, tangu kufungua macho mpaka kuyafunga. Ni hilo tu. Mmoja alianza kuamka kabla ya jogoo, malori yanapofika. Wengi wao hubeba mizigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, gunia la kilo 50 na zaidi, kupanda milima yetu hii mnayoijua. Wengine wanachota maji, wanaosha sufuria za wapishi, wanachambua maharagi. Mjane alikuwa na nyumba yake zamani. Mume alipofariki, ndugu za mume walichukua kiwanja. Mwingine alikimbia vita kutoka kijijini na watoto wawili, mmoja akampotea njiani. Yule hakumaliza kusimulia, na mdogo wangu hakumsukuma. Alifunga daftari, akakaa naye mpaka giza.

Katika habari zile nane hakuna hata mama mmoja aliyekosa kazi. Shida zao zilikuwa mbili, na sisi wote tungezikosa kama tungeanza na shanga.

Shida ya kwanza ilikuwa mwili: shingo, mgongo, magoti. Ya pili ilikuwa usiku. Pesa wanafunga kwenye ncha ya kikwembe, na usiku zinakatwa pamoja na kitambaa. Kwa hiyo franka zote za leo zinaliwa leo. Wamama wapenzi, mara ngapi tumesema watu wa barabarani hawajui kuweka akiba? Nilisema mimi pia. Mtu asiye na mlango ataweka akiba wapi?

Kwa shida ya mwili, mdogo wangu alileta alichojifunza, nao walileta wanachojua. Waligundua kwamba maumivu mengi yanaanza pale mtu anapochuchumaa na kuinuka na gunia kutoka chini. Wakaokota mbao, wakatengeneza meza ya urefu wa kiuno karibu na mahali malori yanapopakua. Gunia linawekwa juu ya meza kwanza, mama anageuza mgongo, anafunga kamba, anaondoka bila kuinuka nalo kutoka ardhini. Walishona vitambaa vinene vya vikwembe vizee vya kuweka chini ya kamba, ili isikate paji la uso. Wakakubaliana kutembea wawili wawili, mmoja amsaidie mwenzake kutua. Wazo hilo la wawili wawili lilitoka kwa mjane, na mdogo wangu aliliandika kuwa lake.

Kwa shida ya usiku, wamama wenyewe walitaja AVEC. Walikuwa wamebeba mizigo kwenye nyumba ambamo wamama wengine wanafanya mkutano na sanduku lao la kufuli tatu. Walichoogopa ni kuomba kuingia. Mama wa makala akakubali sanduku lilale ndani ya depo yake. Funguo tatu zikashikwa na wamama watatu. Kila jioni mtu aliweka franka alizoweza, hata 200, hata 100.

Si kila kitu kilienda vizuri. Siku ya tisa mdogo wangu alimkuta mama mwenye mtoto mchanga hajala kitu, akamnunulia bugali na sambaza kwa siri. Kesho yake kulikuwa na ugomvi. Wenzake walimwambia yule mama ale na huyo rafiki yake wa chuo, na usiku wakamwachia nafasi ya pembeni, kwenye upepo. Mdogo wangu alilia. Simu ya mwalimu wake haikumfariji. Ilimwambia akubali kosa mbele ya wote. Akalikubali. Mjane alimjibu: "Binti, hapa mtu akila peke yake, usiku atalala peke yake. Ukitaka kutoa, toa chunguni." Tangu siku ile kilichotolewa kiliwekwa chunguni.

Na kulikuwa na mambo aliyoyakataa kwa sababu hayakuwa yake. Mama mmoja alikuwa na kidonda mguuni, akamwomba amtibu. Alimwambia wazi: "Hili sijasomea." Akaenda naye kituo cha afya, akasubiri naye kwenye foleni.

Tangu siku ya sita mama wa makala alikuwa amechora mistari 15 ya makala kwenye ukuta, na kila jioni walifuta mmoja pamoja. Kwa hiyo siku ya 20 haikumshtua mtu. Siku ile mdogo wangu aliwasomea ripoti yake kwa Kiswahili kabla ya kuipeleka chuoni. Walisikiliza kama watu wanaosikiliza hukumu. Alipofika mahali palipoandikwa "wanawake wasio na kazi wala makao," mjane aliinua mkono. "Hapo futa. Makao hatuna. Kazi tunazo mpaka zimetuzidi." Akafuta mbele yao.

Yeye aliondoka, sanduku likabaki. Leo, katika wale wanane, watano bado wanaweka akiba. Mmoja aligombana na wenzake, akapewa pesa zake zote, akaenda. Wawili sikuwaona tena. Mjane na mwenzake wanapanga chumba kimoja cha mbao, kinavuja, lakini kina mlango. Wengine bado wanalala kwenye barza. Ninawaambia hivyo msije mkafikiri siku 20 za mwanafunzi zinajenga nyumba.

Binti

Katika siku zile 20 nilimwona.

Alikuwa amerudi, mrefu zaidi, na miaka 16 sasa. Nilimtambua kwa namna alivyoshika bidoni, chini, karibu na paja. Nilimfuata, nikamwambia mimi ni nani. Alijua tayari. Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, yakatoka machache.

Aliuliza: "Ile picha iko wapi?"

Nikamwambia ukweli: kwangu imefutika, shuleni imeondolewa, kwa wengine sijui na sitajua kamwe. Alitikisa kichwa. Kisha mimi, kwa haraka ya kutaka kutua mzigo wangu, nikamwambia nitamlipia masomo ya kushona. Akanitazama kama vile nilikuwa nimetoa simu tena.

"Mwalimu, usinifanyie kitu. Kama unataka, usimwambie mtu kwamba niko hapa."

Usiku ule mdogo wangu aliniambia jambo ambalo limenikaa. Alisema: "Yaya, ulimpa zawadi ya pili kabla hujamuuliza kitu." Ni kweli. Mara ya kwanza ilikuwa sabuni, mara ya pili cherehani, na mara zote mbili aliyehitaji kupona nilikuwa mimi.

Kabla ya kuandika habari hii nilimtafuta nikamuuliza kama naweza. Alifikiri siku mbili. Akasema: "Andika, watoto wenye habari kama yangu ni wengi. Lakini usiandike soko, na usiandike nguo niliyovaa." Ndiyo sababu hamkusoma soko, wala hamkusoma nguo.

Jibu langu kwa mkutano

Sasa wanafunzi hawa. Mimi ninasema tusiwakatalie, na tusiwakubalie bado. Tuwaite waje, tuwape chai, tuwaulize maswali haya:

1. Nani amewatuma, na nani anawasimamia kila juma? Barua ya chuo iko wapi? Mwanafunzi asiye na mkubwa wa kumsahihisha asiende kujifunzia juu ya mtu ambaye hana wa kumtetea.

2. Ninyi mtapata nini, na mtawaambia watu hao wazi kwamba mtakipata? Tangu mwaka 1964 waganga wa dunia nzima wana tamko la Helsinki, linalosema utafiti juu ya mtu uanze kwa kumweleza na kupata ukubali wake. Anayelala sokoni ana haki hiyo sawa na mgonjwa wa hospitali kubwa.

3. Anayekataa atapoteza nini? Kama sabuni ao chakula kinatolewa kwa aliyekubali tu, basi huo si ukubali. Ni njaa ndiyo imejibu.

4. Picha na majina? Hapa jibu ni moja tu.

5. Mpango wenu umetoka kwa nani? Kama shanga zimeshanunuliwa kabla ya kumsalimia mtu, wazirudishe dukani.

6. Mtaondoka siku gani, na nini kitabaki mikononi mwa nani? Watu hawa wameachwa na wengi. Asije mtu kuwapa tena kiti cha kungojea.

Wakijibu vizuri, mimi mwenyewe nitawapeleka. Mwanafunzi anayekuja kwa heshima analeta kitu, nami nimekiona kwa macho: meza ya mbao, kitambaa chini ya kamba, mtu mmoja anayeuliza "jana uliamka lini?" na kungoja jibu.

Lakini tusiwaulize wao peke yao. Kila mwaka tarehe 8 ya mwezi wa tatu tunavaa kikwembe kimoja, tunatembea na bendera, na mchana tunakwenda kugawia wamama wa sokoni sabuni na chumvi. Simu zetu ziko juu. Picha zile ziko katika simu zenu hata leo, pamoja na nyuso za watu ambao hatukuwauliza majina wala ruhusa. Ninaomba juma hili kila mmoja azitafute azifute, na mwaka ujao sabuni ziende bila simu. Nina ombi la pili, gumu zaidi. Wale wamama watano wenye sanduku waliogopa kuomba kuingia katika AVEC ya watu wenye nyumba. AVEC ile ni yetu. Mizigo waliyobeba siku ile ilikuwa viti vya mkutano wetu. Tuulizane kama tutawafungulia mlango wakiomba, na tusiwaambie lolote kabla hatujakubaliana sisi wenyewe, ili tusiwaahidi hewa.

Binti yule bado ninamwona mara kwa mara. Ninamsalimia kama ninavyosalimia kila mtu, bila kusimama. Siku nyingine anaitikia, siku nyingine hapana. Mkutano ni siku ya posho, mahali petu pa kila siku. Njooni na majibu.

Mwalimu wenu wa darasa la sita